Je, Watoto Wetu Wanasoma au Wanaitikia?

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyemneemesha mwanadamu kwa elimu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wao mpaka Siku ya Mwisho. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, mtu akipita jioni karibu na chuo chochote cha mtaani husikia sauti za watoto hamsini au sitini wakisoma kwa pamoja. Sura inakwenda mbele, sauti zinapanda na kushuka, na mwalimu yuko mbele yao na kifimbo chake. Mpita njia hufurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini sisi tunaoketi ndani ya vyuo hivyo tunalijua jambo ambalo mpita njia halijui, na tumelinyamazia kwa muda mrefu. Katika sauti zile hamsini, wanaosoma hasa ni wachache. Waliobaki wanaitikia.

Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwani haifai kuwanyooshea wengine kidole ilhali sisi tumo katika kosa hilo hilo.

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo tulichokuwa tukisomesha, alikuwapo mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyefika mwisho wa Juzuu Amma. Baba yake alikuja kutuarifu kwamba angependa kumfanyia mwanawe khitma siku ya Jumapili. Mchele ulikwisha nunuliwa na jamaa walikwisha alikwa. (Si lengo la tahariri hii kuzungumzia hukumu ya karamu hizo, jambo hilo lina mahali pake.) Jioni ya Alhamisi tukamwita mtoto peke yake ili tumsikilize. Tulimfungulia msahafu kwenye Suratul-Buruj, naye akaanza kusoma kwa sauti nzuri bila kusita, kidole chake kikitembea juu ya mstari. Lakini kilichotoka kinywani kilikuwa Suratut-Tariq. Sura mbili hizo huanza kwa neno moja, tukadhani ni kuteleza kwa ulimi. Tukamfungulia katikati ya Suratul-Mutaffifin, tukamtaka asome mstari mmoja tu. Akanyamaza. Tukamwonesha neno moja, akanyamaza. Tukamwonesha herufi mojamoja; chache alizitaja, nyingine akabahatisha, kisha akainamisha kichwa na machozi yakamtoka.

Mtoto yule alikuwa kwetu miaka minne.

Tulifanya nini? Tulinyamaza. Tulimwonea haya baba yake, tukaogopa maneno ya watu, tukajiambia kwamba tutamrekebisha baadaye. Jumapili mtoto alisoma mbele ya watu kwa moyo, hakukosea hata herufi moja, wazee wakatoa machozi ya furaha, nasi tukapewa kanzu kuwa ni shukrani. Baada ya hapo hakurudi chuoni, kwa kuwa kwa hesabu ya watu wote alikwisha maliza.

Mtoto yule leo ni mtu mzima mwenye familia. Ramadhani moja tulimwona msikitini baada ya Alasiri, msahafu mapajani, akifungua ukurasa baada ya ukurasa. Macho yake hayakuwa yakifuata mistari. Alikuwa akifungua kurasa ili asionekane kuwa hajui. Hapo ndipo tulipojua kwamba kunyamaza kwetu hakukuisha siku ile ya Jumapili.

Ndugu zetu, mambo hayo hutokeaje? Hayatokei kwa sababu watoto wetu ni wajinga. Mtoto mwenye uwezo wa kuhifadhi juzuu nzima ya lugha asiyoifahamu ana akili ya kutosha kujua herufi 28. Hutokea kwa sababu ya namna tunavyofundisha. Mwalimu husoma, watoto huitikia. Mtoto anayejua huongoza. Asiyejua humfuata nyuma kwa nusu ya pumzi, na sikio la mwalimu haliwezi kuwatofautisha. Siku zinakwenda, sikio la mtoto linashika sauti, kinywa kinazoea, na jicho halina kazi. Kidole hutembea juu ya mstari kwa kuwa mwalimu ameamrisha kitembee.

Hata tahajji yenyewe tumeigeuza kuwa wimbo. Mtoto huambiwa bee kwa fataha ni ba, bee kwa kasra ni bi, bee kwa dhumma ni bu, kisha tee, kisha thee, kwa mpangilio ule ule kila siku. Njia hiyo ina hikma yake, na wazee wetu waliotufundisha kwayo, Allah awarehemu, walikuwa wakimsikiliza mtoto mmojammoja kwenye ubao wake. Sisi tumechukua wimbo tukaacha kusikiliza. Mwandikie mtoto huyo bu peke yake ubaoni, bila ba na bi kuitangulia. Utaona atakavyorudi mwanzo wa wimbo kimoyomoyo ili aifikie. Huyo hajaijua bu. Amejua mahali pake katika foleni.

Wala jambo hili si la vyuo vyetu peke yake. Watoto hawa hawa asubuhi wako shule za msingi, na huko nako hali ni ya kutia uchungu. Utafiti wa Uwezo, ambao ulianza kufanyika Tanzania, Kenya na Uganda kati ya mwaka 2009 na 2010, ulikuwa ukiwafuata watoto majumbani na kumpima kila mmoja peke yake kwa herufi au silabi, kisha neno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Ulionesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kuisoma hadithi ile, na kwamba wapo waliofika darasa la saba bila kuiweza. Walimu walikuwapo, madaftari yalikuwa yamejaa. Lakini kunakili kutoka ubaoni si kusoma. Mtoto anaweza kuchora maneno ya ubao mzima kama achoravyo nyumba na mti, asijue hata moja limesema nini.

Mwaka 2019 Benki ya Dunia ilikadiria kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, asilimia 53 ya watoto wa miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa matini nyepesi. Baada ya shule kufungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, makadirio ya mwaka 2022 yalifika asilimia 70. Tanzania ilianza kutumia mtaala mpya wa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015, ukiweka mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Kenya nayo mwaka huo huo ilianzisha mpango wa Tusome. Serikali zimeliona tatizo. Je, sisi wenye umma ambao wahyi wake wa kwanza ulikuja na amri ya kusoma, tumeliona?

Hapana shaka wapo watakaotupinga, na pingamizi lao si jepesi. Watasema: Qur'an haikushuka katika karatasi; ilipokelewa kwa kinywa na kuhifadhiwa vifuani, na isnadi za wasomaji ni za kusikia na kusikilizwa. Kwa hivyo mtoto aliyehifadhi kwa sikio amefuata njia ya wema waliotangulia, na kujua herufi ni jambo la ziada.

Tunasema: sehemu ya kwanza ya maneno hayo ni ya haki tupu, na hatuko miongoni mwa wanaodharau hifdhi. Lakini tuitazame vizuri njia hiyo tunayoitolea hoja. Mtume (s.a.w.) alikuwa akikutana na Jibril (a.s.) kila Ramadhani wakidurusu Qur'an, na katika mwaka wa mwisho wa uhai wake wakaidurusu mara mbili. Huko kulikuwa ni kusoma na kusikilizwa, mmoja mbele ya mmoja. Abdullah bin Mas'ud (r.a.) alitakiwa na Mtume (s.a.w.) amsomee, naye akasoma peke yake mpaka alipoambiwa asimame. Wenye ijaza mpaka leo hawapewi ijaza kwa kuitikia ndani ya kundi. Hukaa mbele ya sheikh, wakasoma harufu kwa harufu, na sheikh akasikiliza. Basi talaqqi ya kweli ni hoja juu yetu, wala si hoja yetu. Kuitikia kwa pamoja kunasaidia kuanza, lakini hakujawahi kuchukua nafasi ya kusikilizwa.

Kadhalika, baada ya vita vya Badri, imepokewa katika sira kwamba baadhi ya mateka wa Makka waliokosa fidia walitakiwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika, na hiyo ikawa ndiyo fidia yao. Dola changa yenye haja ya mali iliacha mali ikachagua herufi. Anayesema kuwa herufi ni jambo la ziada na aitafakari habari hiyo.

Tukirudi kwa wanavyuoni wetu, tutakuta kuwa suala la kumfundisha mtoto lilijadiliwa kwa kina karne nyingi kabla yetu. Muhammad bin Sahnun wa Qayrawan, aliyefariki mwaka 870 kwa hesabu ya Miladi, aliandika risala juu ya adabu za walimu, akazungumzia ujira wa mwalimu, adhabu na mipaka yake, na wajibu wa kuwafanyia uadilifu watoto wa tajiri na wa masikini. Ibn Khaldun (1332–1406) katika Muqaddima yake alieleza jinsi watu wa Maghrib, wa Andalusia, wa Ifriqiya na wa Mashariki walivyotofautiana katika mfumo wa kuwasomesha watoto. Wa Maghrib walishika Qur'an na maandishi yake peke yake. Wa Andalusia walichanganya nayo lugha, mashairi na mwandiko, na Ibn Khaldun akaeleza kuwa wa kwanza walitoka wakiwa wazito katika lugha, na wa pili wakiwa na malaka ya lugha tangu udogoni. Aliutaja pia mtazamo wa Kadhi Abu Bakr bin al-Arabi aliyetaka mtoto aanze na lugha kabla ya Qur'an, akausifu, kisha akasema kuwa mazoea ya watu hayakuuruhusu, kwani walichelea mtoto asije akaukosa msahafu akishakua. Hatutaki kuuchagua upande leo. Tunataka kuonesha tu kwamba kuuliza namna bora ya kufundisha si uzushi wala si kuiga watu wa Magharibi. Ni jambo lililowashughulisha wakubwa wetu.

Na Ibn Khaldun huyo huyo ana fasili juu ya ukali kwa wanafunzi. Alieleza kwamba mtoto anayelelewa kwa kutezwa nguvu hujifunza uongo na hila, akadhihirisha yasiyomo moyoni mwake kwa kuogopa mkono wa mwalimu. Tuliisoma fasili hiyo tukiwa chuo kikuu, tukaijibia mtihani, tukapata alama nzuri. Hatukuielewa mpaka tulipomwona mtoto wa Suratul-Buruj. Alijifunza kwetu hila ya kutembeza kidole, kwa kuwa kila aliyesema sijui alipigwa. Ndani ya kiitikio alipata maficho, na ni sisi tuliompeleka mafichoni.

Tena sheria yetu ina huruma kwa msomaji mgumu kuliko sisi. Katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyomo ndani ya Sahihi mbili, anayeisoma Qur'an kwa kutatizika na kwa taabu amebashiriwa malipo mawili. Mtume (s.a.w.) anampa malipo mawili, sisi tunampa bakora. Nani tunayemfuata?

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tuliporejea kutoka masomoni tulikuwa tumesoma nahau, sarufi na balagha kwa Kiarabu, na hakuna aliyekuwa ametufundisha jinsi ya kumfundisha mtoto wa miaka sita herufi moja. Haya tunayoyataja tumeyapata kwa kukosea, kwa kuwauliza walimu wa shule wenye uzoefu, na kwa kusoma walioyachunguza.

Kwanza, mtoto asikilizwe peke yake kila siku. Hili ndilo jambo kubwa, na lau msomaji atasahau mengine yote, alishike hili. Mwaka 2000 jopo la wataalamu lililoundwa Marekani kuchunguza tafiti za kufundisha kusoma lilitaja nguzo tano: kutambua sauti za lugha, kuunganisha herufi na sauti, kusoma kwa ufasaha, msamiati na ufahamu. Katika ufasaha, lilikuta kuwa kinachofaa ni mtoto kusoma kwa sauti, akarudia, na mtu akamsikiliza na kumrekebisha. Mwalimu atasema: nina watoto sitini, nitawasikilizaje? Tupige hesabu. Akichagua wanafunzi wawili wakubwa wanaosoma vizuri wawe wasaidizi, jambo ambalo vyuo vya kale vililijua na msaidizi huyo akiitwa arifu, kila mmoja wa watatu hao atakuwa na watoto ishirini. Dakika mbili kwa kila mtoto ni dakika arobaini. Wanaosubiri zamu waandike kwenye mbao zao au wasomeane wawiliwawili. Msaidizi asiyejua asipewe kazi hiyo, na mwalimu awabadilishe watoto kila siku ili kila mmoja apite mbele yake angalau mara mbili kwa wiki.

Pili, mtoto apimwe kwa kile ambacho hajakihifadhi. Uingereza, tangu mwaka 2012, mtoto wa takriban miaka sita huitwa peke yake mbele ya mwalimu akasomeshwa maneno 40. Ishirini ni maneno ya kweli, na ishirini ni ya kubuni yasiyo na maana yoyote. Kwa nini ya kubuni? Kwa kuwa neno lisilokuwapo haliwezi kuhifadhiwa wala kubahatishwa. Hulisoma yule tu anayezijua herufi. Sisi katika Qur'an hatuzui neno, Allah atulinde. Lakini tunaweza kuandika kwenye ubao wa pembeni maneno ya kawaida ya Kiarabu ambayo mtoto hajayasikia, au kumfungulia msahafu mahali asipopajua, tukafunika mstari wa juu na wa chini kwa karatasi. Kipimo hicho huchukua dakika moja, na lau tungekitumia mwaka wa kwanza tusingekuja kupata fedheha mwaka wa nne.

Tatu, herufi zifundishwe kwa mpango wa kufahamika. Mpangilio wa alfabeti ya Kiarabu umeziweka ba, ta na tha pamoja, na jim, ha na kha pamoja: umbo moja, tofauti ni nukta. Mtoto anayepewa zote tatu kwa siku moja huzichanganya, na makosa hayo hudumu. Ni bora ba ikae vizuri kwanza, ije herufi ya umbo jingine, kisha ta iletwe baadaye kwa kulinganishwa na ba waziwazi. Afundishwe kuwa herufi hubadilika umbo ikiwa mwanzo, katikati au mwisho, na kwamba zipo sita zisizoshikana na inayozifuata: alifu, dali, dhali, ra, za na wau. Na kila herufi anayoisoma aiandike, kwani mkono hulisaidia jicho.

Kwa upande wa Kiswahili Allah ametusahilishia mno. Irabu ni tano, kila moja ina sauti yake, na silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Mtoto akizijua irabu tano na konsonanti nne tu, b, k, l na t, amepata silabi ishirini, na humo mna bata, kiti, bibi, lala, kata na kitabu. Katika wiki chache anaweza kusoma sentensi nzima kwa nguvu zake mwenyewe. Mtoto anayemaliza mwaka mzima bila kuvuka hapo hakushindwa yeye, hakufundishwa.

Nne, watoto wapangwe kwa kiwango, si kwa umri wala kwa muda waliokaa. Nchini India, taasisi ya Pratham iliwakusanya watoto kwa kadiri wanavyoweza kusoma, wa herufi na wa herufi, wa aya na wa aya, na njia hiyo ilipochunguzwa na wanauchumi, miongoni mwao waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, ilionekana kuwanyanyua walioachwa nyuma. Chuoni kwetu tumefanya makundi manne: herufi, neno, mstari na ukurasa. Mwenye miaka kumi na mbili akiwa katika kundi la herufi, tunamtafutia saa yake ili asiaibike mbele ya wadogo.

Tano, kosa lirekebishwe kwa upole. Mtoto anapokosea, mwalimu asikimbilie kumtajia jibu wala kumkaripia. Amsubiri kidogo, amwekee kidole kwenye herufi aliyoikosea, amuulize hii ni nini na juu yake pana nini, kisha amwache aunge mwenyewe. Anayetajiwa kila neno huzoea kungoja kutajiwa.

Sita, maana isisahauliwe. Aliyemaliza ukurasa wa Kiswahili aulizwe umesema nini. Aliyesoma sura fupi aambiwe maana yake kwa lugha anayoifahamu, hata kwa sentensi mbili. Kusoma kusikofikia moyoni hukoma siku mwalimu anapoondoka.

Lakini, ndugu zetu, si haki kumbebesha mwalimu peke yake mzigo huu. Sisi maamuma tuna sehemu yetu. Tunajenga misikiti ya marumaru, na chini ya mwembe uliopo uani mwalimu anasomesha watoto sitini kwa misahafu minane. Mshahara wake ni kile kinachobaki kwenye kisanduku cha Ijumaa baada ya kulipia umeme. Asubuhi anauza mihogo ili ale, jioni anafika amechoka, kisha tunashangaa kwa nini hamsikilizi mtoto mmojammoja. Kuitikia kwa pamoja ndiyo njia ya mwalimu aliyeachwa peke yake. Kila kamati ya msikiti na ijiulize: mwalimu wetu analipwa nini, ana watoto wangapi, na ni lini mara ya mwisho alipelekwa kujifunza namna ya kufundisha?

Tunapendekeza mambo matatu yasiyohitaji mfadhili wa nje. La kwanza, kila msikiti utenge ujira wa kila mwezi wa mwalimu, ujulikane na ulipwe kwa wakati. La pili, walimu wa vyuo vilivyo jirani wakutane mara moja kwa mwezi, mmoja asomeshe na wengine wamtazame, kisha washauriane bila kufedheheshana. La tatu, asiitwe mtoto yeyote kuwa amekhitimu mpaka asomeshwe mahali asipopachagua, mbele ya mwalimu ambaye si wake.

Na mzazi naye asiseme kuwa amelipa ada yake basi. Mzazi asiyejua kusoma pia anaweza kusikiliza. Aketi na mwanawe dakika kumi baada ya Magharibi, amwambie nisomee, kisha amuulize umesoma nini. Mtoto anayejua kwamba nyumbani anasikilizwa hatafuti maficho.

Yamebaki maneno machache juu ya mtu tuliyeanza naye. Kabla ya kuandika tahariri hii tulimwendea nyumbani kwake, tukamuomba radhi kwa miaka minne na kwa ile Jumapili. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema alidhani ni yeye peke yake asiyejua, na kwamba kwa miaka yote hiyo aliogopa siku ambayo mwanawe angemuomba amsaidie kusoma. Ametupa idhini ya kuyasimulia haya bila kumtaja jina. Sasa huja mara tatu kwa wiki baada ya Isha, na amefika kwenye herufi zinazoungana. Wiki mbili zilizopita walikuja wengine wawili wa umri wake. Hatukuwaita, na hatukuwauliza walisikia wapi.

Basi ewe msomaji wetu, ukifika nyumbani mpe mwanao karatasi hii. Usimchagulie pa kusoma. Weka kidole popote. Akisoma, mshukuru Allah na umwombee dua mwalimu wake. Akishindwa, usimpige wala usimwaibishe. Kesho jioni nenda chuoni, ukae na mwalimu, umuulize anahitaji nini ili amsikilize mwanao peke yake, japo kwa dakika mbili.

Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe tulipozembea katika amana hii, awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa, na awalipe kheri walimu wanaosubiri juu ya jambo hili bila kuonekana. Wabillahi tawfiq.